Kidonge na Mizizi Chini ya Mlima Elgon

Kati ya Kitale na Bungoma wanaishi watu ambao damu yao inalindwa na kidonge. Wapo waliowekewa vali ya chuma moyoni, wapo ambao mapigo ya moyo wao yamepoteza mpangilio, na wapo akina mama waliopata bonge la damu mguuni baada ya kujifungua. Hao wote humeza warfarini, dawa inayozuia damu isigande upesi, na wote huonywa kliniki wasitumie dawa za miti shamba bila kusema. Wapo wanaotumia, na katika hao wapo wasiosema. Mfamasia huona tu kwamba kipimo cha damu kimeyumba tangu mwezi uliopita, akauliza kulikoni, akajibiwa kwamba hakuna kilichobadilika. Makala haya yanafuatilia jinsi jibu hilo lilivyopatikana. Ukimya huo si ujinga wala ukaidi wa mgonjwa. Ni zao la enzi kadhaa za sheria, mahubiri na ada za hospitali, na asili yake ni ya zamani kuliko warfarini yenyewe.

Kabla ya mwaka 1895, miteremko ya Mlima Elgon, mlima wenye urefu wa mita 4,321, ilikuwa makazi ya Wabukusu upande wa chini na Wasabaot upande wa juu penye misitu na mapango. Watu hao waliifahamu damu kwa mikono yao. Wafugaji wa jamii za Wakalenjin, Wasabaot wakiwamo, walitoa damu kwenye shingo ya ng'ombe kwa mshale uliofungwa ili usizame sana, wakaikinga kibuyuni na kuikoroga kwa kijiti mpaka nyuzi zake zikanata kwenye kijiti na damu iliyobaki ikawa majimaji ya kunywa. Aliyefanya kazi hiyo alijua kwamba damu ikiachwa hujifunga, na kwamba ndani yake kuna kitu kinachofanya ijifunge. Kwa Wabukusu, msimu wa tohara uliwaweka vijana mbele ya kisu cha omukhebi, yaani ngariba, na damu isiyokatika ilikuwa hatari iliyoogopwa na kila ukoo uliokuwa na mwana wa kutahiriwa. Tiba iliyokua katika mazingira hayo ilielekea upande mmoja: kuizuia damu isimwagike, kuirudisha kwa mama aliyejifungua, kuiongeza kwa aliyedhoofika, kuisafisha kwa mwenye vipele. Dawa ya kuifanya damu isigande haikuwa na mahali katika tiba hiyo, kwa sababu hakuna aliyeiona haja yake. Kiharusi kiliua, bonge la damu liliua, lakini vifo hivyo vilisomwa kwa njia nyingine.

Ni muhimu pia kukumbuka jinsi kamalesi, yaani dawa, ilivyotolewa wakati huo. Ujuzi ulirithiwa ndani ya familia na kulindwa. Mganga alimjua mgonjwa, akamjua mama yake, akajua alichokula jana na mti gani alikwisha kupewa na nani. Kipimo chake kilikuwa konzi ya majani au urefu wa gome, na kilibadilika kadiri mgonjwa alivyoitikia. Ufuatiliaji wa mgonjwa mmoja na mtu mmoja, unaohesabiwa leo kuwa sharti la kwanza la matumizi salama ya warfarini, ulikuwa ndio utaratibu wa kawaida vijijini. Uliopotea baadaye ni utaratibu huo, na miti yenyewe ikabaki.

Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na C. W. Hobley yaliwashinda Wabukusu kwenye maboma yao ya Lumboka na Chetambe, karibu na mji unaoitwa sasa Webuye. Mwaka 1902 eneo lote, ambalo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, lilihamishiwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Mwaka huo huo wamisionari wa Kiquaker kutoka Marekani walianzisha kituo chao Kaimosi, na mwaka 1903 daktari wao wa kwanza, Elisha Blackburn, akawasili. Injili na sindano viliingia kwa mlango mmoja. Muumini mpya alitakiwa kuacha pombe, kuacha matambiko, na kuachana na mganga, na mara nyingi anayemtibu mwanawe tumbo kwa mzizi aliwekwa fungu moja na anayeagua kwa pepo. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1909 na kuikaza mwaka 1925. Sheria hiyo ililenga wanaodai nguvu za kudhuru watu, lakini katika macho ya karani wa wilaya na ya mhubiri, mpaka kati ya mchawi, mpiga ramli na mtabibu wa mitishamba haukuwa wazi. Mwenye busara alinyamaza. Watu waliendelea kwenda kwa mganga usiku na kwenda zahanati mchana, na kila upande ulielezwa nusu ya habari.

Huo ndio urithi mzito zaidi wa enzi ya ukoloni katika jambo hili. Mazoea ya kuficha yalijengwa kwa kizazi kizima kabla dawa yoyote ya kuzuia damu isigande haijaingia nchini. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 na mji ukawa kitovu cha mashamba ya walowezi, vibarua waliotoka Bungoma, Elgon na kwingineko waliishi kwenye kambi za mashamba, mbali na waganga wa koo zao. Walibeba mizizi mfukoni bila mtu wa kuifuatilia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, alikuwa akikusanya vipepeo, ndege, mimea na vifaa vya wenyeji wa eneo la Kitale, mkusanyo uliozaa jumba la makumbusho la mji huo. Mimea ilikuwa na mahali pake katika elimu ya wakati ule, kama vielelezo. Waliojua kuitumia hawakuwa na mahali hapo.

Wakati mkondo huo ukiendelea chini ya Elgon, mkondo wa pili ulianza katika malisho ya Amerika Kaskazini, na historia ya warfarini haieleweki bila malisho hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ng'ombe wa Alberta nchini Kanada na wa Dakota Kaskazini nchini Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu. Walikatwa pembe wakafa, walihasiwa wakafa, wengine walivujia damu ndani bila jeraha. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba chanzo kilikuwa nyasi kavu za klova tamu zilizoota ukungu. Wafugaji waliambiwa watupe nyasi hizo, lakini miaka ilikuwa ya ukata na hakuna aliyekuwa na nyasi nyingine. Februari 1933, mfugaji wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson aliendesha gari kwa takriban kilomita 300 katika dhoruba ya theluji hadi Madison, akiwa na mtamba aliyekufa, mzigo wa klova iliyooza, na mtungi wa maziwa uliojaa damu isiyoganda. Ofisi ya mifugo ilikuwa imefungwa. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa maabara ya mkemia Karl Paul Link. Mzee wa Kisabaot aliyezoea kukoroga damu ya ng'ombe kwa kijiti angekitambua mara moja kioja kilichokuwa ndani ya mtungi ule.

Link na wasaidizi wake walihangaika kwa miaka 6. Mwaka 1939 Harold Campbell alifaulu kupata fuwele za kemikali iliyohusika, iliyopewa jina la dikumaroli. Iligunduliwa kwamba mmea wenyewe una kumarini, kitu kinachotoa harufu nzuri ya nyasi zilizokatwa na kisichozuia damu kuganda. Ukungu ndio unaoigeuza kuwa dikumaroli. Nalisisitiza jambo hilo kwa sababu leo, katika mazungumzo ya dawa za asili, mtu akisikia kwamba mzizi fulani una kumarini hudhani papo hapo kwamba mzizi huo unapunguza nguvu ya damu kuganda. Sivyo. Kuwamo kwa kumarini peke yake hakutoshi kuuhukumu mmea.

Kutokana na dikumaroli zilitengenezwa kemikali za jamii yake, na mojawapo ikaingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina lake, warfarini, lilitokana na herufi za taasisi ya Wisconsin iliyogharimia utafiti huo. Mwaka 1951 askari kuruta wa Marekani alijaribu kujiua kwa sumu hiyo, akatibiwa kwa vitamini K na akapona, na tukio hilo likawapa madaktari ujasiri wa kuwapa binadamu dawa hiyo kwa kipimo kidogo. Iliidhinishwa kwa wagonjwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo, na warfarini ikawa miongoni mwa dawa alizopewa. Vitamini K iliyomwokoa kuruta yule ilikuwa imegunduliwa na Henrik Dam wa Denmark, aliyeanza mwaka 1929 kuchunguza kwa nini vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta walivuja damu, na ambaye alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Vitamini hiyo imejaa kwenye majani ya kijani kibichi. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza warfarini ilikuwa dawa iliyotoka kwenye mmea, na kinga yake nayo ilikuwa kwenye mimea.

Mwaka huo wa 1948 una uzito wake Bungoma pia. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa ameanzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, akiwaita watu warudi kwenye ibada za wahenga na kumkataa mzungu na kanisa lake. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua 11, na serikali ikaipiga marufuku. Baada ya Malakisi, kilichonuka uhenga kilitiliwa shaka ya siasa juu ya shaka ya dini. Mganga aliyekuwa akijificha kwa mchungaji sasa alijificha pia kwa chifu.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha ramani ya watu kuliko ulivyobadilisha ukimya huo. Mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, eneo linalouzunguka Kitale, yaligawanywa kupitia miradi ya makazi na kununuliwa na vyama vya ushirika. Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Wakikuyu, Waluo, Waturkana na wengineo wakawa majirani, na Kitale ukawa mji ambao kila jamii ilileta dawa zake. Muthiga, mwarobaini, mlonge, shubiri, mukombero na magome ya Elgon viliuzwa kwenye soko moja, kwa watu ambao muuzaji hakuwajua na hangewaona tena. Hapo dawa ya asili ilibadilika tabia. Ilikuwa uhusiano kati ya mganga na mgonjwa, ikawa bidhaa. Miti kadhaa ilichanganywa kwenye chupa moja, na mnunuzi hakujua iliyomo.

Wasomi walianza kuijali mimea hiyo wakati huo huo. Mwaka 1976 John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambacho hadi leo ni rejeo la lazima. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na warfarini ilikuwamo. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitambua nafasi ya matabibu wa jadi katika afya ya msingi, na mwaka 1979 Kenya ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambayo baadaye ilifungua kituo cha dawa za jadi. Nia ilikuwa njema. Lakini tafiti nyingi za maabara ziliuliza kama mmea unaua vijidudu vya malaria au bakteria, jambo linaloeleweka katika nchi iliyokuwa ikizika watoto kwa malaria. Mmea unafanya nini ndani ya mtu ambaye tayari anameza dawa nyingine ya kila siku lilikuwa swali la pembeni, kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wachache na hawakuishi muda mrefu.

Kuna mti mmoja wa Elgon unaoonyesha vizuri mgawanyiko wa enzi hiyo: Prunus africana, ambao gome lake huchemshwa kwa maumivu ya tumbo, kifua na njia ya mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya kutumia dondoo la gome hilo kwa uvimbe wa tezi dume, na magome ya misitu ya Afrika, ya Kenya yakiwamo, yakaanza kusafirishwa kwenda Ulaya kwa tani. Miti ilichunwa hadi kufikia mwaka 1995 ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Mgonjwa wa Ulaya aliletewa gome hilo likiwa ndani ya kidonge chenye kipimo na karatasi ya maelezo. Mgonjwa wa Kitale aliendelea kulinunua kwa fungu, bila karatasi.

Desemba 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma. Ada hiyo ilisitishwa kwa sehemu mwaka uliofuata, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Kwa mkulima aliyekuwa akingoja bei ya mahindi, ada ya hospitali, nauli na bei ya dawa vilimrudisha kwenye gome, na safari hii lawama haikuwa ya sheria ya uchawi wala ya mhubiri. Alilitumia gome kwanza, hospitali baadaye, au vyote pamoja. Akihofia kukemewa na muuguzi, alinyamaza kama babu yake alivyonyamaza kwa mmisionari.

Warfarini ilifika kwa wingi magharibi mwa Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa watoto. Mtoto anayeugua koo kwa bakteria wa streptokoki asipotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huzichakaza vali za moyo. Miaka kadhaa baadaye, akiwa kijana au mama mchanga, anaishiwa pumzi kwa kupanda kilima. Anayebahatika kufanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma hupona, ila damu hupenda kuganda kwenye chuma, hivyo atameza warfarini maisha yake yote. Wagonjwa wa warfarini Ulaya kwa kawaida ni wazee. Huku ni watu wenye jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Dawa hiyo ina nafasi finyu kati ya faida na madhara. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu kwenye fizi, tumboni, au ndani ya ubongo. Ikipungua, vali huziba au kiharusi huja. Nafasi hiyo hupimwa kwa INR, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 1983 ili maabara za dunia zisome damu kwa lugha moja. Kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye vali za chuma kati ya 2.5 na 3.5. Mwaka 2008, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, chini ya ushirikiano wa AMPATH uliounganisha hospitali hiyo, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani, ilianzishwa kliniki inayoendeshwa na wafamasia kwa ajili ya wagonjwa hao. Tone la damu la kidoleni, jibu dakika chache baadaye, dozi kurekebishwa papo hapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kliniki hiyo iliwadhibiti wagonjwa wake kwa kiwango kinacholingana na kile cha nchi tajiri. Ni mafanikio ambayo watu wa magharibi mwa Kenya wana haki ya kujivunia.

Kliniki hiyo ndiyo iliyolifanya swali la mimea kuwa swali la kila asubuhi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na namba ya kuyumba. Tiba hiyo huyumbishwa kwa njia 3. Njia ya kwanza ni mboga. Warfarini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisiitumie vitamini K tena na tena, kwa hiyo anayeila kwa wingi huishinda dawa yake. Sukuma wiki, managu, saga, kunde, mrenda uliopikwa kwa musherekha, yaani munyu wa majivu, na unga wa majani ya mlonge unaouzwa kama dawa ya kuongeza damu, vyote ni majani, na majani ndiyo ghala la vitamini hiyo. Mvua za Machi hadi Mei zinapojaza bustani, mtu hula mboga kila siku. Kiangazi cha Januari kikija, mboga hupungua sufuriani, na dozi iliyokuwa sawa inaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Wapo wagonjwa walioambiwa waache mboga za majani kabisa, agizo lisilotekelezeka Bungoma na lisilo sahihi kitabibu. Linalotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki, dozi ipangwe juu ya kiasi hicho.

Njia ya pili ni ini. Viko vitu vinavyoliharakisha kuiondoa warfarini mwilini na viko vinavyolichelewesha, na katika hili mizizi haiko peke yake. Rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha warfarini sana. Septrini, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakiimeza kila siku, huizidisha. Katika eneo ambalo kifua kikuu na UKIMWI vimekuwa mzigo mkubwa, dawa za hospitali yenyewe zimeyumbisha namba nyingi, na haki inataka hilo lisemwe kabla ya kumnyoshea mganga kidole.

Njia ya tatu mara nyingi haionekani kwenye INR. Kitunguu saumu na tangawizi vina viambato vinavyozipunguzia chembe sahani za damu uwezo wa kushikana. Kiambato kimojawapo cha kitunguu saumu, ajoini, kilielezwa na wanakemia mwaka 1984. Kiasi cha mchuzi si tatizo. Jaribio lililofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2005 liliwapa watu wenye afya warfarini pamoja na vidonge vya tangawizi, na halikuona badiliko la maana. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa onyo baada ya mgonjwa aliyekuwa kwenye warfarini kuanza kutumia bidhaa ya manjano na INR yake kupanda kupita 10. Kijiko cha manjano kwenye pilau na dondoo la manjano kwenye chupa havina uzito mmoja. Lipo pia tatizo baya zaidi: wadhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta michanganyiko ya mitishamba iliyotiwa kwa siri dawa za maumivu za hospitalini, na dawa za jamii ya diklofenaki zikikutana na warfarini zinaweza kulitoboa tumbo na kulivujisha damu.

Miaka iliyofuata kuanzishwa kwa kliniki ilitikisa kila kitu mara mbili. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, alikuwa akigawa kikombe cha maji ya mzizi wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania, na maelfu ya watu kutoka Kenya walipanda magari kumfuata. Hatari yake kubwa haikuwa ndani ya kikombe. Ilikuwa kwa wagonjwa wa sukari, presha na UKIMWI walioamini wamepona wakaacha dawa zao. Na kwa mwenye vali ya chuma, siku chache bila warfarini zinaweza kutosha kuiziba. Kisha Machi 2020 korona ikaingia. Kila nyumba ilichemsha tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, ikanywa asubuhi na jioni kwa viwango visivyozoeleka, wakati huo huo madaktari wakigundua kwamba ugonjwa wenyewe hugandisha damu na kuwaandikia waliolazwa dawa za kuizuia. Wagonjwa wa kliniki waliogopa kusafiri. Mikondo miwili iliyoanza mbali ilikutana ndani ya mwili mmoja, na mara nyingi bila kipimo.

Kati ya matukio hayo mawili serikali ilichukua hatua mbili zenye uzito. Katiba mpya ilipoanza kutekelezwa kwa ugatuzi mwaka 2013, hospitali za Kitale na Bungoma ziliingia mikononi mwa serikali za kaunti. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitenga sehemu nzima kwa ajili ya tiba ya jadi na tiba mbadala, ikitaka isimamiwe, wataalamu wake wasajiliwe, na pawe na utaratibu wa rufaa kutoka kwa tabibu wa jadi kwenda hospitalini. Zaidi ya miaka 100 baada ya sheria ya 1909, mganga alitajwa katika sheria ya nchi kama mtu wa afya. Watafiti nao walikuwa wamekwisha kuorodhesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, mimea ya dawa inayotumiwa na Wasabaot wa Elgon, orodha ambayo mfamasia anaweza kuanzia nayo.

Palikuwa na tumaini kwamba tatizo lingetoweka lenyewe. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama vile rivaroksabani na dabigatrani, hazihitaji INR wala hazigombani na mboga, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kwa mwenye bonge la damu mguuni ni neema, akimudu bei. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba dabigatrani ni hatari kwa mwenye vali ya chuma. Na mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo wagonjwa wanaofanana hasa na wale wa Kitale na Bungoma wamebaki na dawa ya mwaka 1954, na INR yake, na mboga zake.

Ndiyo maana kazi ya leo hufanyika kwa maswali. Mfamasia mzuri hamuulizi mgonjwa kama anatumia miti shamba, kwa kuwa jibu la swali hilo liliandaliwa tangu enzi ya Kaimosi. Humuuliza wiki hii alipika nini, alikunywa nini alipokohoa, mama mkwe alimletea nini kutoka Kapsokwony, na chupa aliyonunua stendi ina rangi gani. Akiletewa chupa haimwagi mbele ya mgonjwa; huandika jina la mti kwa lugha aliyotajiwa, hupima damu, humwita tena baada ya wiki moja badala ya mwezi, na akilazimika huigeuza dozi ya wiki kwa asilimia 5 hadi 20. Mgonjwa anayesema kwamba hula mrenda siku 4 kwa wiki hupangiwa warfarini inayolingana na siku hizo 4. Na anayekiri kwamba anachemsha gome huambiwa asiliongeze wala asilikatishe ghafla kabla ya kipimo kijacho, kwa sababu INR hubadilika siku anapoanza kulinywa na hubadilika tena siku anapoliacha.